"Kwa nini wale walibaki?" Jibu kwa mama wa Igoma

SWALI: Shikamoo mama. Mimi na mume wangu tunaishi Igoma hapa Mwanza, tuna kijana wa miaka 16 yuko kidato cha tatu. Tulimchukua kituo cha watoto akiwa na miezi 11, kwanza malezi ya kambo alafu Mahakama Kuu ikatupa amri ya kuasili. Ukweli tulimwambia akiwa na miaka 14, akalia siku moja akatulia. Mwaka huu akasema anataka kuwaona waliomzaa. Shemeji yangu akawatafuta akawapata kijiji cha wavuvi upande wa Sengerema, baba anavua dagaa. Tukaenda mwezi uliopita, tukijua tutakuta watu wawili watatu, tukakuta uwanja umejaa kama harusi. Mama yake akamrukia analia anamwita Shija, Shija, jina ambalo sisi hatujawahi kulisikia. Bibi akamsalimia kwa Kisukuma akaduwaa, watu wakacheka. Baba akatushukuru "kwa kutulelea mtoto wetu", wazee wakaanza habari za ng'ombe. Mara wakaletwa mapacha wa kama miaka 19, kumbe ni dada na kaka yake, wao walibaki nyumbani. Kijana hakula kitu. Tuko darajani tunarudi akauliza neno moja tu, "kwa nini wale walibaki?" Nikamwambia maisha yalikuwa magumu mwanangu. Toka hapo haongei, anajifungia chumbani. Yule dada yake kaweka picha yake status kaandika "mdogo wetu amerudi nyumbani", shuleni wameiona. Baba anamtumia meseji za kuomba hela ya nyavu na nimegundua ametuma hela yake ya kula shuleni. Juzi akaniambia "we sio mama yangu". Majirani wananiambia uchungu wa mwana aujuaye mzazi, bora ningenyamaza asijue. Nilikosea kumpeleka? Nimnyang'anye simu? Na hao wazazi wanataka aende kwao likizo ya Desemba, nimruhusu?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na ile ya tatu nilibidi niweke simu chini kwanza. Nimefanya kazi ya ustawi wa jamii kanda hii ya ziwa miaka mingi, nimekaa na watoto wa namna hii na wazazi wa pande zote mbili, kwahiyo nitakujibu kwa urefu, na nitaanza na hilo swali la darajani maana mengine yote uliyoniuliza yametoka pale.

Wewe umeniandikia jina Shija kama jina geni tu mlilokuta kule. Sasa ngoja. Kwa Wasukuma mapacha wana majina yao, wa kwanza kutoka ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto anayezaliwa baada ya mapacha anaitwa Shija. Wewe na mumeo sio Wasukuma kwahiyo hamkujua, lakini huyo kijana amekulia Igoma, darasani kwake kuna kina Kulwa na kina Doto na kina Shija kibao, yeye alielewa palepale mama yake alipofungua mdomo. Yaani kabla mapacha hawajaletwa uwanjani, kabla hajasalimiwa na yeyote, ameshajua kwamba kuna watoto wawili wamemtangulia. Alafu akaanza kuwatafuta kwa macho kwenye ule umati, na walipotokea wakiwa wakubwa, wana afya, wanacheka na bibi yao, wanajua kila mtu pale anaitwa nani, hapo ndipo kitu kilimvunjika ndani. Kwa miaka miwili alikuwa anajiambia "walikuwa maskini, hawakuweza kulea", na hilo mtoto analibeba, linauma lakini linabebeka. Ila wakiwalea wawili wakakutoa wewe mmoja, umaskini hautoshi tena kuwa jibu. Sasa swali limebadilika, limekuwa "mimi nilikuwa na nini?"

Ndio maana ulipomwambia maisha yalikuwa magumu alinyamaza. Sikulaumu hata kidogo, mama yeyote angesema hivyo, mko kwenye gari, moyo unakudunda, unatafuta neno lolote la kumfunika mtoto. Lakini yeye alisikia kwamba na wewe umeamua kumpa jibu la juujuu, na kama wewe uliyemwambia ukweli akiwa na miaka 14 sasa hivi unamfunika, basi hana pa kuuliza. Kimya chake ndicho hicho. Nakuomba usikisome kama hasira kwako au kama ameshawachagua wale, ana swali moja kubwa na hajapata mtu wa kulipokea.

Jibu la kweli silijui mimi na hulijui wewe, wanalo watu wawili tu. Ila nikuambie nilichokiona vituoni, kikusaidie wewe kwanza upoe. Watoto wengi wanaoletwa wakiwa na miezi mitatu, minne, mitano, sio kwamba ndio waliopendwa kidogo. Ni wale ambao hawawezi kusubiri. Mama akifariki au akiugua sana baada ya kujifungua, au ndoa ikivunjika mtoto yuko mgongoni, wale wakubwa wa miaka miwili mitatu wanakula ugali na dagaa, unaweza kuwagawa kwa bibi na kwa shangazi wakaishi. Mchanga anataka ziwa la mama, na likikosekana anataka maziwa ya kopo, na kopo moja linaisha ndani ya siku chache na bei yake mvuvi wa dagaa ambaye hajaingia ziwani wiki mbili haifikii. Nimeona familia imemleta mtoto kwa machozi kwa sababu tu walikuwa wanamnywesha uji mwepesi na anazidi kuisha mikononi mwao, na nyumbani wamebaki wenzie watatu wazima. Na mapacha kwa Wasukuma ni watoto wenye heshima yao na mila zao, kuwatenganisha watu wanaogopa. Inawezekana hiyo ndiyo habari ya kijana wako, inawezekana ni nyingine kabisa, mimba ya ugomvi, mama aliyefukuzwa, ugonjwa. Usimpe hii yangu kama jibu tafadhali. Ukimpa leo na kesho mama yake akasema tofauti utakuwa umemdanganya mara ya pili.

Cha kumwambia ni hiki, na ukiseme kwa maneno yako mwenyewe, msiwe mmekaa mezani kama kikao, afadhali mkiwa mnafanya kitu, mnaosha vyombo au mnatembea kwenda dukani, vijana wa umri huo wanaongea vizuri wakiwa hawatazamani na mtu usoni. "Ile siku darajani uliniuliza kitu na mimi nilikujibu harakaharaka kwa sababu niliogopa. Swali lako ni la haki. Jibu sina, na sitalitunga. Ukitaka nitahakikisha unaliuliza kwa wanaolijua na mimi nitakuwa karibu." Basi, funga mdomo, hata asipojibu. Anaweza akasema "sawa" tu na kuondoka. Amesikia.

Sasa hilo la "we sio mama yangu". Mdogo wangu najua lilivyokuchoma, umeandika juzi lakini nahisi unalisikia kila saa. Mtoto hamwambii neno hilo mtu asiyekuwa mama yake, kwa mtu baki halina kazi. Amekutupia wewe kwa sababu ndiye mtu pekee ambaye ana uhakika hataondoka, au tuseme anataka kuona kama kweli hutaondoka, maana anayemuwaza usiku ni yule mwingine aliyeondoka. Kosa linalofanywa hapa na wazazi wengi, na ninalielewa, ni kumhesabia. Ada nimelipa mimi, malaria nimekesha mimi, viatu nimenunua mimi. Ukianza kuhesabu inageuka deni, na mtoto wa kuasili tayari anaishi na hofu ya kwamba anadaiwa shukrani. Mjibu kwa upole tu, "Kukuzaa sikukuzaa, ni kweli. Mama yako ni mimi, hata ukikasirika ni mimi." Alafu endelea na kazi zako, chakula chake weka palepale unapowekaga siku zote.

Na hao majirani na methali yao. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, sawa, lakini nani amesema mzazi ni wa leba peke yake? Huyo mtoto ameumwa miaka kumi na tano mikononi mwako. Wala wasikuambie ungenyamaza, kwa sababu angejua tu, Mwanza ni mji lakini watu wanajuana, angekuja kuambiwa na mtoto mwenzie kwenye ugomvi wa mpira, na hapo ungempoteza kweli. Kisheria pia hukukosea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 6, inampa mtoto haki ya jina, uraia na ya kuwajua wazazi waliomzaa na ukoo wake. Kutaka kuwaona sio utovu wa shukrani, ni haki yake iliyoandikwa. Kuna mtaalamu wa Uingereza anaitwa Sants ambaye mwaka 1964 aliandika kuhusu watoto wanaolelewa na watu wasio wazazi wao wa damu, kwamba mtoto asiyejua ametoka kwa nani anapata mkanganyiko unaomsumbua katika kujijua yeye ni nani, na miaka ya ujana ndiyo unapopanda juu. Kwahiyo kumpeleka hukukosea.

Mlichokosea ni jinsi mlivyokwenda. Ndugu kawapata, mmepanda gari, mmefika. Mtu hajaandaliwa kule, hajaandaliwa huku. Uingereza walipobadilisha sheria mwaka 1975 ili watu walioasiliwa wakifika miaka 18 waweze kupata kumbukumbu za kuzaliwa kwao, wale walioasiliwa kabla ya sheria hiyo waliwekewa sharti la kukaa kwanza na mshauri nasaha kabla hawajapewa karatasi. Hiyo ni karatasi tu, na ni watu wazima! Kijana wako wa miaka 16 amepewa mama, baba, bibi, mapacha na kijiji kizima kwa mchana mmoja.

Nakuambia hivi na mimi mwenyewe nikiwa na kosa la aina hiyo. Miaka ya mwanzo kazini nilimpeleka binti mmoja kwa ndugu zake upande wa visiwani, nikaona ni jambo la heri, wakachinja mbuzi, wakaita watu, mimi nikafurahi kabisa nikasema hii ndio kazi yangu. Katikati ya sherehe binti haonekani. Tulimkuta nyuma ya choo amekaa chini amejishika kichwa, ananiambia mama naomba tuondoke, wote wananijua mimi simjui hata mmoja. Maneno hayo sijayasahau, na toka siku hiyo sikuwahi tena kuruhusu mkutano wa kwanza wenye watu zaidi ya wanne.

Kwa sababu angalia ilivyokuwa pale uwanjani. Kwa ukoo ule mtoto aliyepotea amerudi, ni furaha, unaita watu, huwezi kufurahi peke yako. Kwa kijana ni watu mia wageni wanaomgusa. Bibi amemsalimia mwangaluka, salamu ya kawaida kabisa ya asubuhi, na kicheko kile kwa wenyewe kilikuwa cha mapenzi, Wasukuma wanacheka hivyo mtoto wa mjini akikwama, ila yeye alisikia kwamba hata salamu ya kwao hana. Jamani mfundisheni hata salamu mbili tatu, majirani Wasukuma si mnao, muuza mbogamboga anayepita hapo mlangoni atamfundisha kwa siku moja. Atakwenda mara ya pili akiwa na kitu mdomoni.

Na mama aliyemzaa naomba usimchukie kwa kumrukia. Miaka kumi na sita amekuwa na mtoto ambaye hayupo na hajafa. Kuna mtaalamu Mmarekani, Pauline Boss, amefanya kazi maisha yake yote juu ya huzuni ya namna hii, ya mtu ambaye mwili haupo lakini moyoni hajaondoka, kwamba ni ngumu kuliko msiba kwa sababu haina mwisho. Mimi naielezaga hivi, ni msiba ambao matanga hayakuwekwa. Hakuna aliyekuja kumpa pole, hakuna aliyelala naye mkekani, labda hata ilikuwa marufuku kulitaja lile jina ndani ya nyumba. Siku ile lilimtoka lote. Kijana wako atakuja kuelewa hilo akiwa mkubwa, kwa sasa yeye alichokiona ni mwanamke asiyemjua anamng'ang'ania shingoni.

Baba ni habari nyingine na hapa ntakuwa mkali kidogo. Kuomba hela kwa mtoto wa shule sio sawa, hata kama shida ni ya kweli, na yaweza kuwa ya kweli kabisa. Dagaa wanavuliwa gizani kwa taa, mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi inakaa nchi kavu siku kadhaa, na siku hizo mvuvi hana kitu, anadaiwa dukani, anadaiwa na mwenye mtumbwi, anashika simu. Angalia tarehe za hizo meseji utaona kama haziendani na mbalamwezi. Lakini kwa kijana zile meseji zina maana nyingine kabisa, anaona amepewa nafasi ya kununua mapenzi. Alitolewa bure, sasa anaweza kulipia arudishwe. Ndio maana katuma hela ya chakula akashinda na njaa, na usimgombeze kwa hilo hata kidogo, mrudishie hiyo hela.

Anayetakiwa kulimaliza ni mumeo, sio wewe na sio mtoto. Mwanaume kwa mwanaume, kwa heshima. Tena asimpigie simu moja kwa moja kama anafoka. Tafuteni mtu mzima wa kusimama katikati, kama mshenga wa posa, mtu anayeongea Kisukuma, anayejua kukaa na wazee, na asiwe yule shemeji yako maana yeye alishaharakisha mambo mara moja. Bora zaidi mshirikisheni afisa ustawi wa jamii wa wilaya yenu, faili la mtoto lilipitia kwao na walitakiwa wawepo toka mwanzo. Ujumbe uwe mfupi tu, mtoto ni mwanafunzi, haombwi hela na hatumiwi mambo ya hela, mwenye shida aongee na wakubwa. Kama nyie mna uwezo na mnapenda kusaidia siku moja hiyo ni hiari yenu, na ipite kwa wakubwa, mtoto asijue hata kiasi. Mkianza kutoa kupitia yeye mtamfanya mlango wa pesa na wale ndugu hawatamwona tena yeye.

Za ng'ombe zisikunyime usingizi. Kimila ukoo unaweza kuzungumzia kumkomboa mtoto kwa ng'ombe na wazee walikuwa wanaongea lugha yao ya heshima, wengine kwa nia nzuri tu, kwamba huyu ni wetu. Lakini amri ya kuasili ya Mahakama Kuu ilishahamisha haki zote na wajibu wote wa mzazi kuja kwenu. Ng'ombe hawawezi kuifuta amri hiyo. Na haki ya kurithi kwenu anayo kama mtoto mliyemzaa, hilo mwambieni waziwazi kwa sababu vijana wa hivi wanaogopa kimyakimya kwamba wakionekana kule huku watafutwa. Hiyo amri itafuteni ilipo, toeni nakala, moja akae nayo mwenyewe. Nimeona kijana analala nayo chini ya godoro.

Status sasa. Yule binti pacha hakuwa na ubaya, kafurahi, lakini kaanika siri ya mtu mbele ya shule nzima. Mpigie wewe mwenyewe, kama mama mkubwa anavyoongea na binti, mwombe aitoe na mwambie kwa nini, atakusikia. Shuleni nenda ukamwone mwalimu wa malezi, faragha, mwambie yaliyotokea na umwombe akae macho na neno moja, "wa kuokotwa". Ni neno baya sana hilo, nimeona watoto wameacha shule kwa ajili yake. Kijana muulize yeye anataka wenzake wajibiwe nini, akikosa mpe sentensi moja ya kushika, kama "nina familia mbili, ndio hivyo", mtu akiuliza zaidi anaondoka. Ukishaona ana jibu mfukoni utashangaa mabega yanavyonyooka.

Simu usimnyang'anye. Kwa umri wake na kwa wakati huu ataona umemkatia ndugu zake na kuanzia hapo atawasiliana nao kwa simu za rafiki zake na hutajua lolote. Meseji za hela zikishafungwa na wakubwa, yanayobaki mwachie. Na nakudokeza kitu, mara nyingi sio wazazi wanaokuja kumponya mtoto, ni ndugu zake wa rika lake. Hao mapacha hawakumtoa wao, walikuwa na miaka miwili, mitatu. Huenda hata wao walikua wakiulizwa Shija yuko wapi. Akiongea na mmoja wao usiku kwa wasap akacheka, mwache acheke.

Desemba hapana. Sisemi asiende milele, nasema asiende kulala kule wiki nne kabla swali lake halijajibiwa. Ataenda kulala kitanda kimoja na kaka yake huku anawaza mimi nilikosa nini ambacho wewe ulikuwa nacho, kila tonge atapima. Badala yake upange mkutano wa pili, na huo uwe mdogo mpaka watu waone aibu. Mama yake mzazi, yeye, na afisa wa ustawi au mshauri nasaha. Baba aje siku nyingine, na mkimpangia pangeni siku za mbalamwezi akiwa nchi kavu amelala vizuri, sio asubuhi ametoka ziwani na baridi na uchovu. Msiende kijijini. Mama avuke yeye aje Mwanza, nauli mumlipie, siku hizi na daraja la Kigongo–Busisi sio safari ya kungoja kivuko nusu siku. Ofisi ya ustawi inafaa, au sehemu tulivu yenye upepo wa ziwa ambapo kijana akizidiwa anaweza kuinuka akatembea kidogo akarudi. Saa moja, isizidi. Wewe usikae mezani, kaa mahali anapoweza kukuona. Najua hilo litakuuma, lakini ukikaa pale yeye atachunga uso wako na mama yake atachunga uso wako na hakuna atakayesema ukweli.

Kabla ya siku hiyo afisa amkalishe mama mzazi peke yake amwambie swali linalokuja. Asishtukizwe. Mtu akishtukizwa na swali kama lile anajitetea, anasema "baba yako ndiye" au anaishia kulia, na mtoto anarudi na kile kile. Akipewa wiki mbili za kujiandaa, na akiambiwa kwamba mtoto hamhukumu, anataka tu kujua, wengi wanasema. Nimewasikia wakisema mambo mazito sana kwa sauti ndogo. Na kijana aandike maswali yake kwenye karatasi, hata matatu, maana yakifika pale yanapotea.

Kwenye hiyo karatasi ongezeni la afya, hili watu wanasahau kabisa. Kanda yetu ya ziwa ina selimundu nyingi, yaani sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi, na mtu anaweza kuwa na chembe yake asiugue yeye ila akioana na mwenye chembe kama hiyo kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa. Aulizwe mama, kwenu yupo mwenye selimundu, kisukari, presha, kifafa, nani alikufa mapema na alikufa kwa nini. Mtoto wako miaka yote hospitalini akiulizwa magonjwa ya ukoo mnasema hatujui. Hii inampa kitu cha kwao ambacho ni chake kweli, na pia maswali ya afya ni mepesi kuanzia, ulimi ukishalainika yale mazito yanafuata.

Kama kijana akikataa mkutano wa pili, msimlazimishe, hata kama mmeshalipa nauli. Anaweza kukaa mwaka. Faili la ustawi bado lipo, ombeni afisa amsomee sehemu zinazomhusu, siku aliyoletwa kituoni, alikuwa na kilo ngapi, nani alimleta, alikuwa amevaa nini kama waliandika. Kuna watoto wametosheka na hivyo kwa muda mrefu.

Muda huu wote angalia vitu vichache. Akiwa halali usiku mfululizo, hataki kula, ameanza pombe, anatoroka, au akasema neno lolote la kutaka kufa au kwamba bora asingezaliwa, usingoje mkutano wala usingoje afisa. Mpeleke hospitali, Bugando wana idara ya afya ya akili, na siku hiyo usimwache peke yake. Namba 116 ya huduma kwa mtoto ni bure na yeye mwenyewe anaweza kupiga akaongea na mtu asiyemjua, wengine wanapenda hivyo. Mbandikie tu kwenye mlango wa friji bila kusema kitu.

Imebaki la jina, hukuniuliza lakini nimeona linakusumbua maana umeandika Shija mara mbili. Usilipige vita na wala usianze kumwita hivyo kumfurahisha. Siku moja akiwa ametulia muulize, ukienda kule unataka wakuiteje, na hapa unataka tukuiteje? Akisema hajui, basi bado hajui. Mmiminie chai muendelee.